Ijumaa Ambayo Hakuna Aliyefika Kituo cha Kwanza

Gerishon Mutembei alipata habari ya kifo cha ndugu yake Jumatatu mchana, akiwa amesimama kwenye geti la ghala la vigae huko Industrial Area, Doha, trela moja likisubiri kuingia. Simu ililia. Akaona ni Gakii, dada yake, akaikata kwa sababu trela lilikuwa limeziba njia na madereva wa nyuma walikuwa wanapiga honi. Ikalia tena.

"Geri, uko na mtu hapo?" Gakii aliuliza.

"Niko kazini. Sema."

"Keti kwanza."

"Hakuna kiti hapa, Gakii. Sema tu."

Gakii akasema. Mwenda, kitinda mimba wao, alikuwa ametoka soko la Nkubu, kwao Meru, na bodaboda yake, hana abiria, na lori la mchanga likamkuta kwenye kona. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Mazishi yangekuwa Ijumaa asubuhi, nyumbani.

Gerishon alisikia kila neno. Kisha akauliza, "Na pikipiki iko wapi?"

"Pikipiki?" Gakii aliuliza. "Sijui, Geri. Nafikiri polisi wameichukua."

"Sawa," alisema. Akakata simu, akafungua geti, akalielekeza trela kwa mkono mpaka likasimama sawasawa. Dereva alimshukuru kwa Kihindi. Naye akamjibu kwa Kihindi, maneno mawili aliyokuwa anayajua.

Jioni alikwenda kumwona msimamizi wao, Philip, mtu wa Kerala, India, aliyeishi Doha tangu ujana wake. Philip hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akampa chai ya maziwa, akamweleza pole pole jambo ambalo Gerishon alilijua tayari. Huo ulikuwa mwaka 2013, na wakati huo mfanyakazi hakuweza kutoka Qatar bila kibali cha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini. Kafili alikuwa safarini Ulaya na hakuna mwingine wa kutia sahihi.

"Labda wiki ijayo," Philip alisema. "Inshallah."

"Mazishi ni Ijumaa."

"Najua, ndugu yangu. Umeniambia."

Gerishon alimaliza chai, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa, akarudi kambini. Katika chumba chao walilala watu wanane. Kitanda cha chini yake kilikuwa cha Oloo, Mjaluo wa Rongo, mlinzi mwenzake, na Oloo peke yake ndiye aliyeambiwa. Oloo aliketi, akashika kichwa, machozi yakamlengalenga kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Pole sana, buda. Pole kabisa," alisema. "Unataka niwaambie hawa wengine? Tuombe pamoja?"

"Hapana. Usimwambie mtu."

"Si vizuri kukaa na kitu kama hicho peke yako."

"Oloo. Usimwambie mtu."

Jumanne alikwenda kazini. Jumatano alikwenda kazini. Alikula, ingawa wali ulikuwa kama pamba mdomoni. Alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi kidogo. Alikuwa akijikagua, kama mtu anayejibonyeza jino ili asikie kama bado linauma, na hakusikia kitu. Alijaribu kumkumbuka Mwenda usoni. Sura ilikuja, lakini ikakaa mbali, kama picha ya mtu mwingine iliyotundikwa kwenye ukuta wa ofisi.

Yeye na Mwenda walikuwa wamekua na mchezo ambao majirani zao waliuita raunda ya wavulana, kwa kuwa raunda yenyewe ilichezwa na wasichana. Katikati ya miaka ya tisini Mmarekani mmoja wa kujitolea alikuja kufundisha hesabu katika shule yao, na kwenye sanduku lake kulikuwa na mipira mitatu ya besiboli na gongo moja. Gerishon alikuwa na mkono mzuri wa kurusha. Mwalimu alimfundisha kurusha mpira wa kasi, halafu ule unaokuja kama unaelekea begani kwa mpigaji kisha unaanguka. Lakini mrushaji anahitaji mtu wa kuchuchumaa upande wa pili na kudaka, na wavulana wengi waliogopa mpira ule mgumu. Mwenda hakuogopa. Alikuwa na miaka kumi. Alijishonea glavu kwa ngozi ya mbuzi na kamba ya mkonge, akachuchumaa nyuma ya mpigaji na kuanza kusema. Alisema bila kupumzika: anamcheka mpigaji, anawasalimu ng'ombe wanaopita, anamwagiza kaka yake arushe wapi. Mwalimu aliondoka baada ya miaka miwili. Wao wakaendelea mpaka mipira ikapasuka.

Gerishon hakuwahi kufikiri angeuona tena mchezo huo. Kisha, mwaka wake wa kwanza Doha, mpira ulibingiria hadi getini kwake. Karibu na ghala kulikuwa na karakana ya mashine za kupoza hewa, na mafundi Wafilipino walikuwa wakirushiana mpira wakati wa mapumziko. Gerishon aliuokota, akautazama, akaurudisha. Aliyeudaka, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana aitwaye Rodel, alivua glavu na kuutikisa mkono wake kwa maumivu. Akavuka barabara.

"Wewe umetoka nchi gani?" aliuliza.

"Kenya."

"Kenya wanarusha namna hiyo?"

"Mimi narusha namna hiyo."

Tangu siku hiyo alicheza nao kila Ijumaa aliyopata mapumziko. Wakaanza kumwita kabayan, neno wanaloitana wao kwa wao, maana yake mtu wa kwetu.

Basi Ijumaa hiyo Rodel alifika kambini saa kumi na mbili na nusu asubuhi na pikapu ya karakana, kama kawaida, akapiga honi mara mbili. Gerishon alikuwa ameketi kitandani, amevaa. Hakuwa ameamua kwenda. Alisikia honi, akasimama.

Oloo alitoka bafuni na taulo shingoni. "Unaenda wapi? Si leo ndiyo..."

"Mpira."

Oloo alimwangalia. "Basi ngoja nivae viatu. Tunaenda wote."

Oloo hakuwa ameona besiboli hata siku moja. Njiani, watatu wakiwa wamebanana kiti cha mbele, Rodel alimfundisha. Mpigaji anasimama kwenye kibao, hapo ndipo nyumbani, alisema. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, akipiga vizuri anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi arudi nyumbani. Ukimtoa kabla hajafika kituo, ametoka. Watatu wakitoka, zamu imekwisha.

"Kumbe raunda," Oloo alisema.

"Sijui raunda. Lakini sikiliza." Rodel alipenda hadithi za kale za mchezo huo kuliko alivyopenda kula. "Mwaka 1959 kulikuwa na mrushaji mmoja Marekani. Siku hiyo ana mafua, anakohoa. Aliwatoa wote. Zamu kumi na mbili, mtu hakufika kituo cha kwanza. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Lakini wenzake nao hawakufunga hata pointi moja. Zamu ya kumi na tatu, akashindwa."

"Akashindwa?" Oloo aliuliza. "Baada ya yote hayo?"

"Akashindwa. Ndiyo maana naupenda."

Gerishon aliangalia dirishani. Malori yalikuwa yameegeshwa kwa safu ndefu, na mbele yake wanaume wawili walikuwa wanapiga mswaki kando ya pipa la maji. Saa hizi Meru pia ni saa moja kasoro, alifikiri. Saa zao ni sawa na zetu. Saa hizi wameamka.

Uwanja wao ulikuwa kiwanja kitupu nje ya Muaither, nyuma ya ukuta wa nyumba za kupangisha, udongo mgumu wa rangi ya biskuti. Vituo vilikuwa vipande vya zulia vilivyopigiliwa misumari. Waliokuja kucheza nao walikuwa Wajapani, wahandisi wa kampuni fulani, sare zao nyeupe zimepigwa pasi, wengi wao wamecheza tangu shule ya msingi. Walikuwa wamewashinda akina Rodel kila walipokutana. Mwamuzi alikuwa mzee wa Kikanada aliyefundisha katika shule moja ya mjini. Walikubaliana kucheza zamu saba badala ya tisa, ili wamalize kabla ya adhana ya mchana na kabla jua halijawa kali, ingawa ilikuwa Februari.

Gerishon alipanda kwenye kile kichuguu kidogo cha mrushaji. Rodel alichuchumaa mbele yake, nyuma ya mpigaji, akafungua glavu.

Akarusha. Mpigaji alizungusha gongo, akakosa. Akarusha tena.

Kwa kawaida Gerishon alikuwa mrushaji wa hasira. Mpigaji akimpiga, mpira uliofuata ungetoka kwa nguvu bila akili, na Rodel angekuja mbio kumtuliza. Siku hiyo hapakuwa na hasira. Hapakuwa na kitu. Aliona glavu ya Rodel, na kati yake na ile glavu hapakuwa na mtu wala jambo lolote. Mkono ulikwenda wenyewe. Mpira ulianguka pale ulipotakiwa kuanguka, kila mara, na yeye hakufurahi wala kushangaa. Watatu wakatoka. Watatu wengine wakatoka. Zamu ya tatu vijana wa Rodel walifunga pointi moja, na Gerishon aliketi kwenye benchi, akanywa maji, hakuona ilivyofungwa.

Katikati ya zamu ya nne aligundua kwamba Rodel amenyamaza. Rodel alikuwa msemaji, karibu kama Mwenda. Alikuwa akiimba, akiwatania wapigaji kwa Kijapani kibovu. Sasa alikuwa anatoa ishara ya vidole tu, kisha kimya. Waliporudi kwenye benchi, wote walikwenda kuketi upande mmoja na kumwachia Gerishon upande wa pili mtupu. Mmoja alitaka kusema kitu, mwenzake akampiga kiwiko.

Oloo alikuja na chupa ya maji baridi. Kabla hajamfikia Gerishon, Rodel alimshika mkono, akamvuta pembeni nyuma ya pikapu, akamnong'oneza kwa muda. Oloo alitikisa kichwa, akatazama nyuma, akatikisa tena.

Oloo amewaambia, Gerishon alifikiri. Nilimkataza, na amewaambia.

Alingoja akasirike. Hakukasirika. Alifikiri tu: haya, wamejua, na hawa kwao ndivyo wanavyofanya, wanakaa mbali na mfiwa. Kwao Meru isingekuwa hivyo. Kwao watu wangekuwa wamejaa ua, wamemkalia karibu mpaka apumue kwa shida, wanawake wanapika, kila anayeingia anasema maneno yale yale. Aliangalia nafasi tupu kwenye benchi kando yake, akaona si mbaya. Ilikuwa nafasi safi.

Zamu ya tano. Ya sita. Mjapani mmoja mrefu aliupiga mpira juu sana kuelekea ukutani, na kijana wao wa nyuma, Jun, alikimbia kwa kurudi kinyumenyume, akajigonga ukutani, akateleza chini na mpira ukiwa kwenye glavu. Kwa kawaida wangepiga kelele hadi Al Mansoura, mtaa alikoishi Rodel, wasikie. Hakuna aliyesema neno. Jun alirudisha mpira, akafuta damu kwenye kiwiko, akarudi mahali pake. Hata Wajapani walikuwa wametulia kwenye benchi lao, wamesimama wote.

Saa ilikuwa inakaribia nne. Sasa wanalitoa jeneza ndani, Gerishon alifikiri. Sasa mchungaji anasoma. Mawazo hayo yalipita kama magari barabarani, na yeye akarusha.

Zamu ya saba, wawili walitoka upesi. Wa mwisho alikuwa mtu mzima mwenye miwani, nahodha wao. Gerishon alirusha ule mpira unaoanguka. Nahodha aliugusa kwa ncha ya gongo, nao ukabingiria taratibu, mwepesi kama chungwa lililodondoka kikapuni, moja kwa moja hadi miguuni pa Gerishon.

Aliuokota. Alichotakiwa kufanya ni kuurusha kituo cha kwanza, jambo la mtoto. Lakini alisimama nao. Aliutazama mkononi, na udongo ulioshika kwenye mshono wake, na kwa muda hakujua ni kitu gani na watu hawa wanakitakia nini. Nahodha alikuwa anakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu zamu ya nne mtu alisema: Rodel alivua barakoa yake ya chuma na kupaza sauti, "Kabayan! Kwanza! Kwanza!"

Akarusha. Mpira na mguu wa nahodha vilifika karibu pamoja. Mzee Mkanada aliinama, akatazama, akainua ngumi: ametoka.

Wakamrukia. Rodel alifika wa kwanza, akamkumbatia kiunoni na kumwinua, wengine wakamparamia, wengine wanalia kabisa. Wajapani walivua kofia zao na kuinama. Gerishon alikuwa juu ya mabega ya watu, anaona ukuta, matangi ya maji juu ya mapaa, anga jeupe.

"Niteremsheni," alisema. Hawakusikia. "Rodel. Niteremsheni. Msifanye hivi, nyinyi mnajua. Leo tunamzika ndugu yangu."

Rodel alimteremsha. Kelele ilikufa kidogo kidogo, kutoka kwa walio karibu hadi walio mbali.

"Unasema nini?"

"Ndugu yangu. Saa hizi wanamzika."

"Ndugu yako amekufa? Lini?"

"Jumatatu. Si Oloo amewaambia? Mlikuwa mmenyamaza wote."

Oloo alikuwa amesogea. "Mimi sijamwambia mtu," alisema. "Naapa, Geri. Huyu alinivuta akaniambia nisikuongeleshe. Nikadhani wanajua."

Rodel alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Alieleza polepole, kama anaomba radhi. Mrushaji akiwa hajaruhusu mtu hata mmoja kufika kituo cha kwanza, mwiko wa zamani wa mchezo huu ni kwamba humsemeshi. Hukai karibu naye. Hutaji kinachoendelea, usije ukakiharibu. "Ligi kubwa Marekani wamecheza zaidi ya miaka mia moja, maelfu na maelfu ya michezo," alisema, "na jambo hili halijafika hata mara thelathini. Hapa kwetu sijawahi kuliona. Ndiyo maana tulinyamaza. Hatukujua, kabayan. Hatukujua kitu."

Gerishon alimsikiliza. "Kwani hakuna aliyefika kituo cha kwanza?" aliuliza.

"Hukujua?"

"Sikuwa naangalia."

Rodel aliketi chini, pale pale kwenye udongo, akamvuta Gerishon mkono aketi pia. Oloo akaketi. Jun akaja na kiwiko chake cha damu, akaketi, kisha wengine wote, na nahodha mwenye miwani naye, alipoelezwa, alikuja na kuketi kwa magoti na sare yake nyeupe. Walikaa hivyo mpaka adhana ikatoka msikiti wa jirani na jua likawachoma shingo. Oloo aliomba kwa Kiswahili, sala ndefu ya Kilutheri iliyotaja jina la Mwenda mara nyingi. Gerishon aliitikia amina mahali pake. Bado hakusikia kitu. Lakini bega la Rodel lilikuwa limeegemea lake, zito na lenye jasho, na hilo alilisikia.

Usiku ule Gakii alipiga simu, akamwambia mvua haikunyesha na watu walikuwa wengi, kwaya ya vijana ilikuja yote. "Mama hajala," alisema. "Na wewe?"

"Nimekula," alijibu, na ilikuwa kweli. Walikuwa wamempeleka Al Mansoura, kwenye chumba cha Rodel, na mkewe Rodel alikuwa amempakulia mara mbili.

Kibali kilitoka mwezi Agosti, pamoja na likizo yake ya kawaida. Alifika nyumbani Jumapili. Mama yake alikuwa amekonda, lakini alikuwa akifanya kazi zake zote. Alimwonyesha kaburi, akamwonyesha miche ya maua aliyoipanda, kisha wakaketi jikoni, yeye akichambua maharagwe.

"Ile siku," mama aliuliza bila kuinua macho, "saa ile tulipokuwa tunamshusha, wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

Gerishon alifikiria kumwambia kwamba alikuwa kazini. "Nilikuwa nacheza mpira, Mama. Ule wa mwalimu."

Mama alitikisa kichwa taratibu, bila lawama. "Mlishinda?"

Basi akamweleza. Alimweleza kuhusu ukimya, na Oloo na chupa yake ya maji, na mwiko wa Rodel, na mpira wa mwisho uliobingiria. Alimweleza jinsi hakuna mtu aliyefika kituo cha kwanza, na jinsi jambo hilo ni adimu duniani kote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono umetulia juu ya ungo.

"Wamekuja kucheza, na hakuna hata mmoja aliyekimbia akafika popote?" aliuliza.

"Hakuna, Mama."

"Asubuhi nzima?"

"Asubuhi nzima."

"Sasa," alisema mama, akichagua jiwe katika maharagwe na kulitupa mlangoni, "huo ni mchezo gani?"

Gerishon alifungua kinywa amjibu, na badala ya jibu kikatoka kicheko. Kilimshtua yeye mwenyewe. Kiliendelea, kikawa kikubwa, kikambana mbavuni mpaka akashika ukuta, na hapo katikati kikageuka kilio, na hakuweza tena kukisimamisha. Mama yake aliweka ungo chini. Alisogeza kigoda chake karibu naye, karibu sana mpaka magoti yao yakagusana, akakaa naye hivyo.